Kirie ya Betri za Juani

Kasulu, 9 Machi 1996

Mdogo wangu Bazilio,

Nakusalimu, mwakeye. Huku kwetu tuko wazima. Shemeji yako kikohozi kimepungua, watoto wanasoma, na cherehani yangu imepata mkanda mpya, kwa hiyo sare za shule za Pasaka nitazimaliza. Mama anaendeleaje na goti? Mwambie dawa ile ni ya kupaka, siyo ya kunywa.

Sasa jambo lenyewe. Parokia yetu inatimiza miaka hamsini, na tarehe 17 Agosti, Jumamosi, saa nane mchana, kutakuwa na onyesho la muziki kanisani. Siyo misa. Ni watu kukaa na kusikiliza. Tutaimba Misa ya Kilatini ya sauti nne, kazi ya Mwitaliano mmoja aliyekufa miaka mia mbili iliyopita. Soprano tunao wa kugawa. Alto tupo kumi na wawili. Waimbaji wa tena nao wanatosha. Besi, wale wa sauti nzito, tunao watatu, na mmoja wao ni mzee wa ushirika wa kahawa anayelala akiwa amesimama.

Kamati imeomba besi tisa wa kwaya yako ya Busunzu. Nilisimama nikasema watakuja, na wewe utakuja nao. Mazoezi ya pamoja ni mara tatu: Mei, Juni na Julai. Nijibu mapema.

Dada yako,
Immakulata


Busunzu, 24 Machi 1996

Dada Immakulata,

Shikamoo. Barua yako niliipata jana kwa kondakta wa basi. Ilikaa Kibondo siku nane kwa sababu alisahau iko mfuko gani wa koti. Mama goti limepoa. Ile dawa alikuwa ameshakunywa kabla barua haijafika, na anasema imemsaidia.

Kuhusu onyesho. Ninashukuru kamati. Besi wangu watakuja tarehe 17 Agosti, wakiwa wanajua kazi yao. Mazoezi ya Kasulu hayahitajiki. Misa hiyohiyo naijua. Stesheni ya nje ninayoisikiliza kila Jumapili saa kumi na moja jioni huipiga, na mwezi huu wametangaza wataipiga nzima. Nitairekodi kwenye kaseti, nitaiandika noti, nitawafundisha.

Nikuambie wazi, Dada. Sioni mtu anafuata nini kwenye maonyesho hayo. Unakaa kwenye benchi lisilo na mgongo. Mtoto analia. Mgeni rasmi anahutubia hadi mtu unasahau ulifuata nini. Nyumbani nakaa kwenye kiti changu, naweka redio juu ya ndoo iliyopinduliwa, sauti inapanda vizuri, na ninawasikia waimbaji wa Ulaya ambao hata Kasulu yenu yote haijawahi kuwaona. Mke wangu anafukuza kuku. Mama peke yake ndiye tatizo. Jumapili iliyopita aliuliza katikati ya Gloria, “Hawa watu wanamlilia nani?” Nikamwambia, “Mama, wanamtukuza Mungu.” Akasema, “Basi waambie anasikia.”

Nduguyo,
Bazilio


Kasulu, 13 Aprili 1996

Mdogo wangu,

Marahaba. Pasaka imepita salama. Tulichinja mbuzi, nusu yake ikaliwa na wageni ambao hatukuwaalika.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimekasirika zaidi. Bazilio, redio haivuti pumzi. Kuimba na watu ni kusimama karibu nao ukajua wanavuta pumzi wapi. Soprano wetu wanapumua baada ya neno la pili. Redio yako itakuambia hilo?

Na tusizungushane. Sababu siyo benchi. Anayetuongoza ni Venanti. Ulijua, maana Busunzu nzima inajua. Mwaka 1983 ulimfukuza kwaya akiwa na miaka kumi na saba kwa sababu alisema mbele ya watu kwamba umeanzisha wimbo juu mno. Sasa amesomea muziki miaka miwili, amerudi, na anatuongoza vizuri. Hajawahi kukutaja kwa ubaya. Hajakutaja kabisa.

Mazoezi ya kwanza ni Jumamosi tarehe 4 Mei. Lete watu.

Immakulata


Busunzu, 2 Mei 1996

Dada,

Shikamoo. Mvua imeharibu daraja dogo la kuelekea shambani, maharage yamechelewa. Mama anakusalimu. Anasema ungemletea kitenge ungekuwa umefanya la maana kuliko Kilatini.

Huyo uliyemtaja sikuuliza habari zake.

Pamoja na barua hii kuna bahasha mbili. Ya kwanza ni Kirie nzima, ile “Bwana utuhurumie”, noti za sauti nne, nimeziandika kwa mkono kutoka kwenye kaseti. Kazi ya wiki tano. Ya pili ni kaseti ya besi wangu wakiimba sehemu yao. Sikilizeni, halafu mniambie kama kuna la kuongeza.

Angalia kwa makini pembeni mwa karatasi. Mtunzi huyu ni mtu wa ajabu. Anaanza Doh, sauti ya msingi, ikiwa F. Ukurasa wa tatu Doh inakuwa katikati ya F na G, sikujua niiandikeje, nimeweka alama ya kuuliza. Ukurasa wa sita Doh ni G kamili. Hakuna daraja la muziki linalomvusha. Anapandisha bila kuaga. Na mwendo nao unaongezeka polepole, kama mtu anayeomba huruma akiona haitoki. Nimefundisha kwaya miaka ishirini na mbili sijaona utunzi wa namna hii. Besi walipata shida wiki ya kwanza. Sasa wanapanda wote pamoja, sawasawa, bila kinanda.

Mwalimu wenu aliyesoma aulizwe kama hilo alifundishwa.

Bazilio


Kasulu, 1 Juni 1996

Mdogo wangu Bazilio,

Natumaini mko wazima. Kitenge cha Mama kimekwenda na mke wa katekista, mwambie akidai.

Nilichelewa kujibu kwa sababu sikujua nikuandikie vipi. Nimeshindwa kupata njia nzuri, kwa hiyo nakuandikia kilichotokea.

Tulisikiliza kaseti yako tarehe 11 Mei baada ya mazoezi yetu ya kawaida, kanisani, watu thelathini na wanne. Venanti alikaa kwenye kinanda akawafuata besi wako. Mwanzo walikuwa sawa na kinanda. Ukurasa wa tatu kinanda na besi vikaanza kugombana. Mwisho wao walikuwa sauti nzima juu ya kinanda na mbele yake kwa mistari miwili. Kwaya ilicheka. Nami nilicheka, sitakuficha. Mzee wa ushirika aliamka akauliza kuna nini.

Venanti hakucheka. Aliomba zile karatasi, akasoma alama zako za pembeni, akarudia kaseti tangu mwanzo. Halafu akaniuliza, “Mama Immakulata, Mwalimu Bazilio bado anaanika betri?”

Nikasema, “Anaanika, kama watu wote.”

Akasema, “Basi kosa si la besi. Wameimba walichofundishwa, tena bila kuteleza.”

Alinieleza hivi. Betri zilizokufa ukizianika juani zinapata nguvu kidogo, halafu zinaisha taratibu. Wewe ulirekodi kwa betri za juani. Mashine ilianza na mwendo wake, ikaenda inachoka, kaseti ikawa inazunguka polepole zaidi kila dakika. Baadaye, bila shaka, ukanunua betri mpya ili kufundishia. Mashine sasa inazunguka kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kile kilichorekodiwa polepole kinatoka haraka na juu. Mwitaliano hakupandisha kitu. Doh ni F mwanzo hadi mwisho. Kitabu cha noti kilichochapwa tunacho, nimekiona kwa macho yangu.

Bado mna mazoezi mawili. Njoo tarehe 15 Juni. Kamati imesema kikundi kisichohudhuria hata zoezi moja hakitaimba. Besi wako wamejifunza miezi miwili, Bazilio. Wasikose kwa ajili yako.

Immakulata


Busunzu, 16 Juni 1996

Dada,

Barua yako nimeipata tarehe 14, kwa hiyo hilo zoezi la tarehe 15 lisihesabiwe.

Watu thelathini na wanne. Ungeweza kuisikiliza mwenyewe kwanza.

Nilikwenda Kibondo kwa Abdalah, yule muuza redio, betri na sukari karibu na stendi. Sikumwambia kitu. Nilimpa kaseti niliyorekodi redioni nikamwambia apige. Alisikiliza huku akipima sukari ya mteja. Ilipofika katikati akacheka akasema, “Mwalimu, hii umerekodi kwa betri za juani! Mimi nilirekodi taarabu kwenye harusi ya binti wa dada yangu kule Tanga hivihivi. Mama wa bibi harusi alianza kuimba mtu mzima, akamaliza mtoto wa chekechea.”

Nikamwambia huu ni muziki wa Ulaya, si taarabu.

Akasema, “Betri inajua Ulaya ni wapi?”

Sina la kuongeza. Mama hajambo.

Bazilio


Kasulu, 20 Julai 1996

Bazilio,

Wiki tano sijapata hata mstari. Nimemuuliza kondakta, akanionyesha mifuko yote ya koti. Hakuna. Mke wa katekista anasema uko mzima, unakwenda shambani, Jumapili unaongoza kwaya, jioni redio inasikika hadi barabarani. Kwa hiyo hukuumwa. Ulinyamaza tu.

Zoezi la tatu lilikuwa leo. Nilikaa nikiangalia mlango tangu saa tatu asubuhi. Kila lori likipita Venanti naye anageuka, halafu anajifanya anatafuta ukurasa. Kamati ilitaka kuwafuta besi wa Busunzu kwenye orodha. Venanti ndiye aliyekataa. Alisema, “Tusubiri.” Mwenyekiti akamuuliza, “Tusubiri hadi lini, Mwalimu?” Akasema hadi tarehe 10 Agosti, baada ya hapo ataomba besi kutoka kwaya nyingine.

Sikuombi tena. Nina sare mia moja na ishirini za kushona. Nimekuarifu tarehe, ukae nayo.

Immakulata


Kasulu, 10 Agosti 1996

Mdogo wangu,

Salamu kwa Mama na wote wa nyumbani.

Jana saa kumi jioni lori la maharage lilisimama mbele ya nyumba yangu, wakashuka besi wako tisa wakiwa weupe kwa vumbi kuanzia Makere. Niyubahwe alikuwa mbele amebeba mkungu wa ndizi. Nikamuuliza, “Mwalimu yuko wapi?”

“Yuko nyumbani, Mama.”

“Anajua mmekuja?”

Akautua mkungu. “Anajua, ila hajui.”

“Maana yake nini?”

“Tulimwambia tunakwenda kuuza maharage Kasulu. Akauliza, ninyi wote tisa? Tukasema ndiyo. Akauliza, hata Niyubahwe, ambaye hakulima maharage mwaka huu? Tukasema ndiyo. Akasema haya, msiongee na watu sana, mtaharibu sauti.”

Basi nimewapokea. Wamelala sebuleni, kwenye nguo za wateja. Leo Venanti amewafundisha tangu asubuhi. Ilibidi wasahau kupanda, na kusahau ni kugumu kuliko kujifunza. Kila wakifika ukurasa wa tatu wanaanza kwenda juu wenyewe. Mwishowe Venanti alimweka kila besi wako mmoja pembeni ya tena mmoja, sikio kwa sikio. Jioni ikakaa.

Watarudi Busunzu Jumatatu, na Alhamisi watakuja tena kwa onyesho. Kuna mtangazaji wa redio amealikwa na kamati, ataleta mashine. Kwa hiyo kama umeamua kuozea kwenye hicho kiti, huenda ukatusikia huko. Ila nafasi yako ipo. Benchi la pili kutoka mbele, nimeandika jina lako kwenye karatasi na kulibandika kwa gundi.

Immakulata


Busunzu, 21 Agosti 1996

Dada,

Shikamoo. Huku wote wazima. Besi wamerudi salama, wanaongea mno.

Onyesho lenu nimelisikiliza, redioni kama nilivyosema. Nimeridhika kwa sehemu kubwa. Nakuandikia makosa machache ili yasirudiwe.

Kirie ilianza vizuri. Niyubahwe alifungua mdomo kabla ya ishara, ila sauti haikutoka, kwa hiyo haikudhuru. Gloria ilikuwa na haraka. Kwenye Kredo mkono wa kushoto wa kiongozi ulishuka mapema, waimbaji wa tena wakadhani ni wao. Alto wa safu ya nyuma, nawe ukiwemo, mlikuwa mnaangalia karatasi badala ya kumwangalia anayewaongoza. Yule mzee wa ushirika asimamishwe karibu na nguzo, aegemee.

Mengine yalikuwa sawa.

Bazilio


Kasulu, 31 Agosti 1996

Bazilio,

Nimecheka peke yangu hadi shemeji yako akaja kuangalia.

Yule mtangazaji alikuja na mashine na kanda moja. Alirekodi hotuba ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi alihutubia dakika hamsini na tano, historia ya parokia, historia ya wilaya, na bei ya mbolea. Kanda ikaisha. Tulipoanza kuimba mtangazaji alikuwa amekaa juu ya sanduku lake anakunywa soda. Hakuna redio iliyotangaza Kirie ile, na hakuna itakayoitangaza. Haipo popote.

Na redio yako imeota macho lini, hata ikaona mkono wa kushoto wa Venanti?

Benchi la pili lilibaki tupu mwanzo hadi mwisho. Nililiangalia kila nilipopata nafasi, ndiyo maana unasema sikuwa namwangalia kiongozi. Nilikaribia kulia pale mbele za watu, kwa hasira, siyo kwa kitu kingine. Niambie ulikuwa umesimama wapi. Na uniambie kwa nini mtu atoke Busunzu hadi Kasulu akaache kiti chenye jina lake.

Immakulata


Busunzu, 8 Septemba 1996

Dada Immakulata,

Shikamoo. Mama hajambo, kitenge amekishona, kimembana. Anasema cherehani yako ingejua vipimo vyake.

Nilisimama dirisha la tatu, upande wa kisima. Niliondoka hapa Ijumaa na lori jingine, nikalala Makere, asubuhi nikapata baiskeli ya kukodi. Nilifika Kasulu saa saba na dakika ishirini. Nia ilikuwa kuingia. Nikaiona ile karatasi tangu mlangoni. Nikaona ili nifike kwenye benchi hilo lazima nipite mbele ya Venanti, nimsalimie au nisimsalimie, na watu wote wakiangalia. Nikatoka nje nikasimama na wale waliokosa nafasi.

Hotuba niliisikia yote. Nilikuonya.

Halafu besi wakaingia. Redioni, besi nimekuwa nikiwasikia kama mtu anayeongea nyumba ya pili. Hapo dirishani nilikuwa nimeshika fremu, nayo ikatetemeka mkononi. Nikaitazama nikidhani kuna gari linapita. Nimewafundisha watu wale tangu wengine hawajaota ndevu, kila mara nikiwa mbele yao, napunga mikono, naimba nao sehemu zote nne ili wasipotee. Sijawahi kunyamaza wakiwa wanaimba. Siku ile ndiyo niliwasikia, na aliyekuwa akiwaongoza ni mwingine.

Nilikuwa na filimbi yangu ya kupimia sauti mfukoni. Walipomaliza Kirie nikaipuliza polepole. Ilikuwa F. Walianza F wakamaliza F.

Mwaka 1983 nilianzisha juu mno. Nilijua siku ileile. Hilo usimwambie Venanti, nitamwambia mwenyewe.

Niyubahwe anasema mazoezi ya Krismasi yanaanza Jumamosi tarehe 28, na kwamba anakuja kuuza maharage. Nimemwambia atafute sababu nyingine, maharage yamekwisha wilaya nzima. Andaa malazi ya watu kumi. Mbele sitasimama, na lile benchi lenu mpeni mwingine. Nitakaa na besi.

Nduguyo,
Bazilio